Mashua au jahazi: ukitaka kuzunguka visiwa vya Lamu kwa tanga

Watu wanaonitafuta kuhusu safari ya kisiwa cha Kiwayu huanza na swali la malazi: chombo kinalaza wangapi? Mimi huwauliza kwanza wanataka kusafiri mwezi ukiwa umefika wapi. Nimefanya ubaharia kwenye mashua na kwenye jahazi, na ushauri wangu haujabadilika: kwa visiwa vya Lamu, mashua ya futi 30 hivi inawatosha watu wengi. Jahazi la futi 50 ni la mwenye sababu.

Sababu kubwa ni maji. Ukitoka mji wa Lamu kwenda Pate, Ndau au Kiwayu una njia mbili. Ya ndani hupita Mkanda, mkondo mwembamba wenye mikoko kati ya kisiwa cha Manda na bara. Ya nje huzunguka Manda upande wa bahari kuu. Kabla ya kuchimbwa, Mkanda haukupitika maji yakipwa, na vijito vya mikoko bado ni vile vile, kwa hiyo anayepanga saa ya kuondoka ni bahari, wala si wewe. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Mashua inahitaji kina kidogo, basi huweza kuingia maji yangali yanajaa na bado ikatoka upande wa pili bila wasiwasi. Ikigusa mchanga, wawili hushuka wakaisukuma, mmoja akashika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, safari ikaendelea. Jahazi likigusa, kaeni mpike chai.

Na hiyo ni ikiwa mna bahati. Chombo kizito kikipwelewa kwenye kilele cha bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya siku zinazofuata huwa madogo zaidi na zaidi mpaka yafike maji mafu. Kinaweza kukaa hapo mpaka bamvua jingine, yaani karibu wiki mbili. Ndiyo maana nahodha wa jahazi huwa mgumu sana kuhusu saa, hata mkamwona mkali. Ukitaka kuona magofu ya Takwa kule Manda, ambako hufikiwa kwa kijito cha mikoko maji yakijaa, mashua itakupa muda zaidi wa kutembea kabla hujaitwa urudi.

Upande wa upepo jahazi linastahili heshima yake. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likishika, hasa Juni na Julai, kwenda Kiwayu ni raha kwa sababu upepo uko nyuma. Kurudi ndiko kuna kazi: unapiga bisho, yaani kwenda upande upande dhidi ya upepo, kwa takriban kilomita 50, na kwa kuwa chombo hakiendi moja kwa moja, unazikata nyingi zaidi. Njia ya nje, wimbi la kusi huirusha mashua na kuwalowesha wote, mpaka mchele. Jahazi hulipasua wimbi kwa uzito wake wala halisimami. Chombo kirefu pia kina mbio zaidi kwa asili: urefu wa mita 8 majini una kikomo cha karibu noti 7 (maili 7 za baharini kwa saa), mita 14 karibu noti 9. Lakini asubuhi, umande, ule upepo wa kutoka bara, ukivuma kidogo kidogo, nimeona mashua ikiteleza huku jahazi limelala na tanga lake likipigapiga mlingoti.

Kisha kuna mikono. Tanga letu la pembe tatu huning'inia kwenye foromali, ule mti wa kushikilia tanga, na ukigeuza chombo sawasawa lazima foromali nayo ihamishwe upande wa pili wa mlingoti. Kwenye mashua, nahodha na mabaharia wawili wanaimudu, na abiria hutumiwa kama farumi, yaani uzito wa kusawazisha chombo: nahodha akisema hamieni upande wa juu, mnahama, mnakalia ubao, mnacheka. Kwenye jahazi foromali ni gogo kubwa, na shughuli hiyo haina mzaha. Unahitaji mabaharia wa kutosha wanaojuana. Wakipungua, nahodha atawasha injini, na hapo umelipia tanga usilolitumia.

Kwa anayetaka kununua, siongezi mengi. Toka futi 30 hadi 50 haionekani mbali, lakini kwa umbo lile lile eneo la ubavu huzidi mara mbili na nusu na uzito zaidi ya mara nne. Huo ubavu wote ni wa kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa, kwa pamba na kupakwa deheni, ile dawa ya mafuta ya kukinga mbao. Mashua unaipandisha ufukweni maji yakijaa, unaipaka yakipwa. Nenda Matondoni, ambako vyombo hivi huundwa, uwaulize mafundi bei ya mbao kabla hujaota ndoto ya jahazi.

Sababu za kuchukua jahazi zipo. Ukiwa na wazee au watoto wachanga, nafasi ya kujinyoosha kivulini na choo cha faragha si anasa. Mkiwa kundi kubwa, mashua mbili zinaweza kupotezana, na nusu ya chakula huwa kwenye ile nyingine. Na kama unataka bahari kuu yenyewe, si visiwa, chukua jahazi bila kusitasita.

Chombo chochote utakachochagua, kione kikiwa majini kabla ya kutoa pesa. Chungulia ngama, pale chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika: maji kidogo ni kawaida ya mbao, maji ya kuchotwa na kumwagwa kila saa si kawaida. Shika jarari, ile kamba ya kupandishia foromali, uangalie kama imelika pale inapopita juu ya mlingoti. Hesabu maboya ya kuvaa, na uyajaribu mwilini, maana mengine yamechakaa kamba. Mwisho, muulize nahodha atatoka saa ngapi. Akikuambia saa yoyote uitakayo, na njia mliyopanga ni ya vijito vya mikoko, tafuta nahodha mwingine.