Barua kwa mwanangu: tui la nazi kwenye sabuni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema wateja wako huko Dodoma wanataka sabuni ya maziwa, ila wengine hawataki ya ng'ombe wala ya mbuzi, ukaona utumie tui la nazi badala ya maji. Sabuni ikatoka ya kahawia, na harufu ya kukata pua. Unauliza umekosea wapi, na kama maziwa ya soya au ya lozi ya dukani yangekuwa afadhali.

Tui linafaa. Kilichokuharibia ni joto. Kostiki soda, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ikikutana na kimiminika hujichemsha yenyewe, inafika nyuzi 80 na kupita bila jiko. Tui lina sukari kidogo na protini kidogo. Sukari ikiunguzwa na kostiki ndiyo inaleta ule ukahawia, na protini ikivunjika inatoa amonia, ndiyo harufu uliyoisikia. Isitoshe tui lina mafuta, na kostiki haisubiri uimimine kwenye ndoo ya mafuta. Huanza kugeuza sabuni palepale kwenye jagi. Yale mabonge uliyoyaona ndiyo hayo.

Wengine huligandisha tui likawa vipande vya barafu, kisha wanamwaga kostiki juu yake kidogo kidogo. Njia hiyo ni nzuri kwa mwenye friza na umeme wa kuaminika. Mimi hapa Ngamiani, Tanga, sitegemei hivyo, nagawa kimiminika mafungu mawili. Kostiki naiyeyusha kwa maji matupu, na tui naliweka pembeni mpaka mwisho. Shika hili tu: maji ya kuyeyushia yasiwe chini ya uzito wa kostiki yenyewe, la sivyo chembe zitabaki na zitakuja kumchoma mtu.

Kwa kilo moja ya mafuta natumia gramu 400 za nazi, 400 za mawese na 200 za alizeti. Kostiki gramu 148, maji gramu 180, tui gramu 120. Kila kitu kwenye mizani, hata maji. Kikombe na kijiko tuwaachie wapika maandazi. Kostiki hiyo imepunguzwa kama asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka sabuni, ngozi isikauke. Usiipunguze tena, maana tui nalo linaongeza mafuta yake. Mafuta yakizidi, sabuni inavunda, inatoka madoa ya rangi ya chungwa na kunuka uvundo. Na ukibadilisha mafuta hata ya aina moja, kostiki ipigie hesabu upya: ya nazi yanakula kostiki nyingi kuliko ya alizeti.

Tui liwe kasimile, lile la kwanza zito. Tui la pili ni maji ya bei ghali. Lichuje kwenye kifumbu halafu lipitishe kwenye kitambaa, kwa sababu machicha yakiingia ndani ya sabuni yanakwaruza na yanaoza. La kopo pia linakubali. Soma tu kama halikuongezwa sukari.

Maji ya kostiki yakishapoa mpaka unaweza kushika jagi kwa nje bila kuruka, yamimine kwenye mafuta, koroga. Mchanganyiko ukianza kushika, mwiko ukaacha alama juu, hapo ndipo tui linaingia, likiwa la uvuguvugu. La baridi litagandisha mafuta. Koroga upesi, mimina kwenye kalibu, na usiifunike kwa blanketi kama tulivyozoea kwa sabuni iliyotengenezwa kwa maji matupu. Sukari ya tui inaongeza joto ndani ya kalibu, sabuni inaweza kupasuka katikati au kufura na kumwagika mezani. Mimi natengeneza alfajiri, kabla jua la Tanga halijaamka vizuri.

Yale mengine unayajua lakini mimi ni mama yako, nitayasema: kostiki ndiyo inayomwagwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki. Glavu, miwani, dirisha wazi, watoto nje. Sufuria ya alumini usiiguse, kostiki inaila na kutoa gesi inayoshika moto. Ikikurukia ngozini, ni maji mengi ya bomba, si siki.

Sasa hayo ya dukani. Ya soya yana protini nyingi, kwa hiyo amonia utaisikia zaidi, na mengi yametiwa sukari. Ya lozi kwa sehemu kubwa ni maji, utalipa pesa ya lozi upate rangi. Ya shayiri na ya mchele yana wanga, ukizidisha sabuni inakuwa na utelezi usiopendeza. Yote yanawezekana kwa njia ile ile ya mafungu mawili, lakini sioni sababu ya mtu wa pwani kununua boksi wakati mbuzi ya kukunia iko uvunguni.

Na tui linaleta nini hasa? Povu zito kidogo, laini, na sabuni isiyokwaruza. Basi. Mafuta yake mengi yanageuka sabuni kama mafuta mengine yoyote, kwa hiyo usije ukaandika kwenye karatasi yako kwamba inaondoa madoa au inalisha ngozi vitamini. Andika "ina tui la nazi", na mwenye kutaka atanunua. Povu jingi linatokana na mafuta ya nazi yenyewe, ndiyo maana sabuni yake hutoa povu hata kwenye maji ya kisima yenye chumvi kama haya yetu ya karibu na bahari. Ila ukiyazidisha ngozi inakakamaa, ndiyo sababu nimeishia 400. Ukiniuliza mimi, tui lina cheo kikubwa zaidi kwenye wali kuliko bafuni, lakini biashara ni biashara.

Ile ya kahawia usiitupe. Kama kostiki uliipima sawasawa na hukuona chembe nyeupe wala maji yanayotoka, ni sabuni nzima, rangi tu ndiyo mbaya. Ikate, ipange penye upepo na kivuli, vipande visigusane, wiki nne mpaka sita. Harufu itapungua kadiri inavyokauka. Hiyo usiwauzie waliotaka nyeupe. Fulia, au wape majirani bure wakueleze inatoaje povu kwa maji ya huko. Yenye chembe nyeupe isiguse mwili wa mtu.

Mama yako