Kutafiti historia ya wanaharakati ukiwa Tanga

Anayetaka kutafiti historia ya wanawake waliodai haki, au ya wapenzi wa jinsia moja waliodai za kwao, asitegemee kukuta jalada lenye jina la jambo analolitafuta. Mimi nafanya kazi hii hapa Tanga, na kilichonisaidia zaidi ni kuanzia kwenye vyama vya ngoma. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, Dar es Salaam, kabla ya kuwaongoza wanawake wa TANU mwaka 1955, na wanawake wa ngoma ndio waliokuwa jeshi lake la mwanzo. Kwa hiyo ninapoketi na bibi zetu wa Ngamiani, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, siulizi walivyopigania uhuru, bali nauliza walicheza lelemama na nani, nani alishika fedha za chama, na sare zilinunuliwaje. Siasa hujitokeza yenyewe katika majibu.

Bibi akisahau mwaka, msaidie kwa matukio anayoyajua: uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959 (kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu), Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967, Sheria ya Ndoa ya 1971.

Kwa wapenzi wa jinsia moja kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi ya kale juu yao ilitoka kwa polisi, mahakimu na wamisionari. Kanuni ya Adhabu inayowahukumu ilitungwa na utawala wa Waingereza, ilhali England na Wales zenyewe zililegeza sheria yao mwaka 1967. Ukisoma hukumu ya zamani, usiishie kwenye kosa. Tazama mshtakiwa aliishi na nani, alifanya kazi gani, na ni nani aliyesimama kumtetea, kwa maana huyo alikuwa mtu kabla ya kuwa mshtakiwa.

Nashauri pia kusoma kumbukumbu za mkutano wa wanawake wa Beijing wa mwaka 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Gertrude Mongella. Hapo ndipo Beverley Palesa Ditsie wa Afrika Kusini alipowahutubia wajumbe, akidai kwamba haki za wanawake wanaowapenda wanawake ni haki za wanawake. Mwaka uliofuata nchi yake ilipitisha Katiba inayokataza ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kimapenzi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni usalama wa wanaosimulia. Sheria yetu ingali inatoa adhabu inayofikia kifungo cha maisha, kwa hiyo usiandike jina la msimuliaji aliye hai, wala mtaa wake, wala kazi itakayomtambulisha, na usiweke sauti yake katika simu inayoshikwa na watu wengi. Msomee ulichoandika kabla hakijamfikia mtu mwingine, naye akisema kifutwe, kifute mbele yake, hata kama ndicho ulichokitafuta muda wote.