Posti inapendwa, oda hamna: nilivyogundua hela yangu inapotelea kwenye majibu

Mdogo wangu unayeuza viatu Mwanza, nimelisoma swali lako hapa mara mbili. Una wafuasi 11,000 Instagram, posti zinapendwa, umeshachoma laki tatu kwenye matangazo ya kulipia ndani ya miezi miwili, na oda hazizidi tatu kwa wiki. Sasa unauliza uongeze hela ya tangazo au umtafute mtu maarufu akuposti. Kabla hujafanya lolote kati ya hayo mawili, ngoja nikusimulie yangu, maana nimepita hapo hapo.

Nauza mashuka na mapazia Dar. Nilianza 2017 nikiwa bado nimeajiriwa, nachukua mzigo Kariakoo kwa bei ya jumla, natandika kitanda changu mwenyewe, napiga picha, naposti. 2019 nikaacha kazi. Mwaka ule nilikuwa kama wewe kabisa: jioni naangalia tangazo limefikia watu wangapi, nafurahi, halafu nalala na mzigo ule ule uvunguni.

Kuna usiku umeme ulikatika, nikachukua daftari la hesabu la mwanangu nikaanza kupitia chati za WhatsApp za mwezi mzima, moja baada ya nyingine, kwa mwanga wa simu. Nikagawa ukurasa: huku waliolipa, huku waliopotea. Mbele ya kila aliyepotea nikaandika neno la mwisho lilikuwa la nani. Walioniandikia walikuwa 84. Waliolipa 9. Hilo halikuniuma sana, biashara ndivyo ilivyo, wengine wanapita tu. Kilichoniuma ni wale 75. Zaidi ya nusu yao neno la mwisho lilikuwa la kwao: swali ambalo sikulijibu, au nililijibu kesho yake wakati mtu ameshalala kwenye shuka la mwenzangu. Mmoja aliandika saa 5 asubuhi, "Dada nipo Kariakoo sasa hivi, nikupitie wapi?" Nimemjibu saa 2 usiku: "Karibu sana mpenzi" na kopa mbili.

Yaani tangazo lilikuwa limefanya kazi yake vizuri tu. Limemtoa mtu huko alikokuwa, limemleta hadi mlangoni, kabisha hodi, mwenye nyumba hayupo.

Hata pale nilipojibu, nilijibu vibaya. Nakuwekea moja kama ilivyokuwa:

"Habari, shuka bei gani?"
(Masaa matatu baadaye) "Salama, karibu sana. Ungependa lipi?"
"Lile la bluu."
"Ya bluu yapo mengi mpenzi, nitumie picha."

Kimya. Hakurudi tena. Nimemuuliza maswali mawili na kumpa kazi ya kurudi kwenye ukurasa kutafuta picha, na bei aliyoiulizia tangu mwanzo sijaitaja. Angekuwa amesimama dukani, angegeuka akaenda kibanda cha pili, na mtandaoni kibanda cha pili kiko kidole kimoja pembeni.

Siku hizi najibu hivi: "Salama dada, karibu. Seti ya 6 kwa 6, pamba, shuka 2 na foronya 4, ni 55,000. La bluu limebaki moja, la kijivu yapo matatu. Upo sehemu gani nikuambie na hela ya boda?" Basi. Bei ipo, kipimo kipo, anajua anapata nini ndani ya seti, na mwishoni kuna swali moja ambalo analijibu bila kufikiri. Na nikisema limebaki moja, ni kweli limebaki moja. Ule mchezo wa "zimebaki chache, wahi" kila wiki kwa bidhaa ile ile, watu wameshaushtukia zamani. Kwako wewe wa viatu ningeongeza jambo moja tu: mwambie mteja ukweli wa namba. "Hiki kinabana kidogo, kama unavaa 38 chukua 39." Sentensi hiyo itakuokoa na kurudishiwa mzigo kuliko picha kumi.

Halafu "bei inbox". Najua wengi humu mtanipinga, na sababu zenu nazijua kwa sababu na mimi nilikuwa nazo: washindani wasione, mteja aje tuongee, tupatane. Ila mteja anaposoma "bei inbox" anaelewa kwamba unataka kwanza umpime mfukoni ndipo umpangie bei. Nilipoanza kuandika bei kwenye picha, wiki ya kwanza nilitaka kulia. Maoni yalipungua mno, ukurasa ukapoa. Baadaye ndipo nikaelewa kuwa yale maoni yote yalikuwa "bei?", "bei?", "bei tafadhali". Yameondoka hayo, na wanaokuja ndani sasa wanaanza na "mnaleta Tabata?" au "nikilipa leo basi linaondoka saa ngapi?" Huyo ni mtu tofauti kabisa. Hasara ipo, sifichi: jirani yangu mmoja aliiona bei yangu akashusha yake kwa 2,000, akachukua wateja kadhaa. Sikumfuata. Ukishindana kwa kushusha, mnaishia wote wawili kufanya kazi ya kumtajirisha boda.

Sasa kuhusu WhatsApp, kuna kitu nilikipuuza miaka miwili mizima. Ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi haimfikii mtu ambaye hajasevu namba yako. Status nayo vivyo hivyo, wewe umsevu na yeye akusevu. Mimi nilikuwa na namba zaidi ya 600 za watu waliowahi kununua, nimezigawa kwenye orodha tatu kwa sababu moja haipokei zaidi ya 256, natuma kila Ijumaa, najisifu nina soko. Kumbe ujumbe unawafikia wachache. Mteja kanunua, kaweka chati kando, jina langu kwake ni tarakimu tu. Ndiyo maana sasa nikipokea hela tu naandika: "Sevu namba hii 'Mashuka', mzigo mpya huwa nauweka Status siku moja kabla ya kuuposti Instagram." Na kweli nauweka siku moja kabla. Ukimpa mtu sababu anasevu, ukimwambia tu "tafadhali sevu namba yetu" hafanyi.

Kama bado unatumia WhatsApp ya kawaida, hamia ile ya biashara, ipo tangu 2018 na ni bure. Weka katalogi, weka majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia, tumia lebo kutenganisha aliyelipa na anayesubiri. Ila naomba uufute ule ujumbe wa kujituma wenyewe unaosema "asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu hivi punde" kama hutajibu hivi punde. Wangu unasema: "Najibu saa 3 asubuhi hadi saa 3 usiku. Jumapili mchana nipo kanisani." Mtu akiandika saa 6 usiku anajua nitamjibu asubuhi, halalamiki.

Jambo la kuaminika linahitaji mada yake peke yake, ila kwa ufupi ni hivi. Mteja wa Dar analipa mzigo ukifika mlangoni, hiyo haina shida. Wa mkoani ndiye anayetetemeka, na ana haki, matapeli ni wengi na kila mtu ana ndugu aliyeibiwa. Vitu viwili vimenisaidia. Kwanza Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu: akiiweka, simu inamwonyesha jina la biashara kabla hajathibitisha, na jina hilo ndilo lililoko kwenye ukurasa wangu. Ukimpa namba binafsi inayotokea jina la shemeji yako, anarudisha simu mfukoni. Pili, nikifika ofisi ya basi narekodi video fupi: mfuko, karatasi yenye jina lake la kwanza na mkoa, risiti ya mzigo mkononi mwangu, sauti za wapiga debe nyuma. Sekunde ishirini. Namtumia yeye peke yake. Na upande wako jihadhari na SMS ya malipo iliyobuniwa au skrinshoti ya muamala. Angalia salio, usiangalie ujumbe.

Nimesema yeye peke yake makusudi. Zamani nilikuwa naposti mazungumzo na wateja, "mrejesho" tunaita, majina na namba vikionekana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na namba ya simu ya mtu ni taarifa yake. Omba ruhusa, ziba namba.

Sasa nikupe kosa langu kubwa kuliko yote. 2022 nilileta mzigo wa mashuka ya rangi ya damu ya mzee. Mazuri, yakaisha ndani ya siku nne. Wiki iliyofuata mama mmoja akaandika chini ya posti: "Limechuja mpaka gauni langu la kulalia limekuwa pinki. Hiyo siyo pamba." Moyo ukanipasuka, nikafuta maoni, nikambloki. Nikahisi nimemaliza. Siku ya tatu rafiki yangu ananitumia skrinshoti kutoka kwenye kikundi cha akina mama: maoni yake yale, picha ya gauni, na maneno "amefuta na amenibloki". Chini yake watu wanataja ukurasa wangu kwa jina. Alikuwa amepiga picha kabla sijafuta. Na wanaosoma pale hawakuwa na habari na shuka lililochuja tena, rangi ya giza huchuja, kila mwanamke anajua. Walikuwa wanaongelea kubloki.

Nilimpigia simu. Sikuandika, nilipiga. "Shikamoo mama, ni mimi wa mashuka. Nimekosa mara mbili, kwa shuka na kwa kukufungia." Akanyamaza kwa muda, nikadhani amekata. Akasema, "Marahaba. Ulidhani mimi ni adui yako?" Nikamrudishia hela yote siku ile ile na hela ya gauni. Halafu nikaposti wazi: aliyenunua damu ya mzee mwezi huu na limechuja, aniambie, nabadilisha au narudisha hela. Wakajitokeza wanne. Ilinigharimu zaidi ya laki mbili. Yule mama hajanunua tena na simlaumu. Kati ya wale wanne, wawili bado ni wateja wangu. Sijafuta lalamiko tena tangu hapo. Najibu pale pale hadharani kwa sentensi mbili, nakiri kilichotokea na nasema nafanya nini, mengine tunamalizia ndani.

Na siku hizi mzigo wa rangi ya giza ukija, nafua seti moja kwenye ndoo pamoja na kitambaa cheupe, narekodi maji na kitambaa. Ikichuja, ninasema inachuja na bei inashuka. Video za ndoo, zilizopigwa uani kwangu karibu na banda la kuku, zinauza kuliko picha zote nilizowahi kumlipa mpiga picha.

Usiweke maisha yako yote kwenye programu moja pia. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa pamoja, kwetu ilikuwa kuanzia kama saa 12 na nusu jioni hadi usiku wa manane. Nilikuwa na boda njiani ana mizigo mitano na anwani zote ziko kwenye chati. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikachechemea nchi nzima, lakini safari hiyo nilikuwa na daftari: jina, namba, mtaa, alichonunua. Nikatuma SMS za kawaida. Watu wanasoma SMS, msidanganyane.

Kuhusu swali lako lenyewe. Mtu maarufu nilishamlipa mara moja. Wafuasi waliongezeka, wengi wanafunzi wa shule, hakuna hata mmoja mwenye kitanda cha kununulia shuka. Tangazo la kulipia bado nalitumia, ila nalipia posti ambayo tayari imeuza bila kulipiwa, nalifunga eneo ambalo boda anafika kwa bei inayoeleweka, na nalianzisha siku ambayo nina hakika nitashika simu kutwa. Nikiwa na msiba au safari, nasimamisha. Kulipia tangazo halafu hujibu ni kuwaita watu kwenye sherehe ukafunga geti.

Kwa hiyo hela yako ya tangazo ya mwezi huu iweke pembeni kwanza. Chukua daftari usiku wa leo, hesabu kama nilivyohesabu mimi. Kisha weka hapa chati tatu zilizofia njiani, futa majina na namba, tuone zilikatikia wapi.