Jibu: Mabaki ya Tiger Moth kwenye ghala la Moshi

Ndugu, umeuliza kama mabaki ya Tiger Moth (ndege ndogo ya zamani ya Uingereza, yenye mabawa ya juu na ya chini) uliyoyaona kwenye ghala la shamba karibu na Moshi yanaweza kuundwa upya. Kabla ya kugusa chochote, tafuta kibati cha kiwanda cha de Havilland chenye namba ya utengenezaji, kwa sababu namba ya usajili hubadilika ndege inapohama nchi: zama za Tanganyika ilianza na VR-T, na leo Tanzania hutumia 5H.

Kiunzi cha mwili ni mabomba ya chuma, ambayo fundi anaweza kuyakagua na kubadilisha yaliyoliwa na kutu. Kazi kubwa iko kwenye mabawa, ambayo ni mbao zilizounganishwa kwa gundi na kufunikwa kitambaa. Gundi ya zamani ya protini ya maziwa huharibiwa na unyevu na kuvu, hivyo bawa linaloonekana zima laweza kuachia maungioni. Nilipapasa kiungo cha namna hiyo hapa Arusha, na unga ukabaki kidoleni. Bawa kama hilo, kwa maoni yangu, litumike kuchukulia vipimo tu, lisirushwe kamwe.

Kuhusu michoro, anza kwa kuwaandikia Makumbusho ya Ndege ya de Havilland, London Colney, Uingereza, ukiambatisha picha ya kibati hicho.