Milango ya kabati kwa nyumba ya kale

Dada, umesema nyumba yenu ya Mji Mkongwe ina boriti, kuta nene na mlango wa nakshi, nawe unawaza makabati ya jikoni yenye milango myeupe ya kung'aa, bapa kabisa. Mimi nisingeiweka humo. Hiyo inafaa fleti mpya. Mwambie seremala akutengenezee milango ya fremu yenye paneli katikati, ya mninga au mvule. Nakshi uuachie mlango mkuu, maana jikoni mafuta na vumbi hung'ang'ania kila mchongo. Na tafadhali, usikubali MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, chini ya sinki: kingo zikinywa maji huvimba, hazirudi tena. Bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu, hewa ya bahari haina huruma. Juu, milango miwili ya vioo yatosha.