Saa imeingia maji ya bahari, nikaiweka kwenye mchele, sasa fundi anataka elfu 90. Ananiibia?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Chumbageni hapa hapa Tanga. Nina Seiko 5 otomatiki, kaka aliniletea kutoka Maskati. Wiki mbili zilizopita nilioga nayo baharini Raskazone, maana nyuma imeandikwa Water Resist. Jioni kioo kikajaa ukungu. Nikaifukia kwenye mchele siku tatu, ukungu ukatoka, ikawa inatembea vizuri tu. Sasa nikiivua usiku asubuhi naikuta imesimama. Fundi mmoja kaniambia 90,000, mwingine kasema 15,000, ataisafisha kwa spiriti na kuitia mafuta nikiwa nasubiri. Saa yenyewe ikiwa mpya haifiki laki nne. Huyu wa 90 si ananiibia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuibii. Kama kweli anaifungua yote basi amekuhurumia, na huyo wa 15 ndo wa kumuogopa, nitamfikia. Ila kwanza ngoja niseme la mchele maana limenifika hapa kooni.

Hivi huu mchele nani aliuanzisha? Ilikuwa simu, sasa ni kila kitu, rimoti mchele, funguo ya gari mchele, saa mchele. Kila baada ya sikukuu watu wakishatoka kuogelea naletewa saa zina vumbi jeupe kwenye maungio ya mkanda, na mwenyewe anakuja kifua mbele, fundi hii nimeshaikausha mwenyewe, we angalia tu kwa nini inachelewa. Imeshakauka! Ndo habari mbaya yenyewe hiyo, bora ungeniletea inachuruzika maji.

Saa ina mfuniko nyuma, una raba, kioo mbele kimegandishwa au kina raba yake, na kile kitufe cha pembeni cha kuzungushia mishale nacho kina kiraba ndani. Maji yalipata upenyo yakaingia kwa presha ya mawimbi au ya mkono wako ulipokuwa unapiga mbizi, lakini kutoka kwa hiari yao kupitia upenyo huo huo eti kwa sababu nje kuna mchele, hapana. Ni sawa na kuanika kanga ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Sasa utaniuliza mbona ukungu ulitoka? Ukungu unaonekana pale kioo kinapokuwa cha baridi kuliko hewa iliyo ndani. Jikoni kwako kuna joto, kioo kikapata joto, yale matone yakageuka mvuke na mengine yakashuka chini ya uso wa saa, kwenye mashine, usikoona. Panda nayo basi lenye AC la kwenda Dar, ukifika Segera angalia kioo. Utaukuta ukungu wako umekaa hapo hapo.

Na hata tukubali kwamba maji yote yalitoka, haya, mchele umefanya muujiza. Yale yalikuwa maji ya bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, na chumvi haigeuki mvuke, maji yakiondoka yenyewe inabaki palepale imekauka juu ya chuma. Afu chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu, na hewa ya Tanga mnaijua, hata chumvi ya mezani inalowa kwenye kopo. Kwa hiyo kila siku ile saa ikiwa mkononi mwako chumvi inakunywa unyevu kidogo na kutu inasogea kidogo, we unaona mshale unazunguka unasema alhamdulillah imepona. Haijapona, inaliwa.

Hiyo ya kusimama usiku ndo dalili yenyewe. Angalia maandishi ya nyuma ya mfuniko, kama namba inaanza na 7S26, na nyingi za Seiko 5 zilizoletwa kutoka Ghuba ndo hizo, mashine ile ikijaa inatakiwa itembee kama saa 40 bila kuvaliwa. Ukiivua saa nne usiku na alfajiri imesimama, wakati mchana kutwa ulikuwa nayo mkononi ikijijaza nguvu kwa mkono wako kutikisika, basi ama haijai ama nguvu inapotelea njiani. Mara nyingi kinachoila ni kutu. Inaanza kwenye kile kijiti cha kitufe cha pembeni kwa sababu ndiko maji yalikopita, inakuja kwenye skrubu, kwenye ekseli za vigurudumu, halafu ule unga wake mwekundu unaingia kwenye vitundu vya yale mawe madogo ya ndani zinamozungukia hizo ekseli, unachanganyika na mafuta, inakuwa kama msasa wa majimaji. Hapo kila saa inavyotembea inajisaga yenyewe, kwa hiyo kabla sijaendelea: ivue. Kuanzia leo usiivae, na usiitikise uone kama itaamka.

Sasa hiyo 90,000. Watu wanadhani wananunua usafi, kama kuosha gari. Hiyo kazi inataka mashine itolewe, mishale itolewe, uso utolewe bila kukwaruzwa, halafu kitu kimoja kimoja kifunguliwe, skrubu ambazo nyingine ni ndogo kuliko mbegu ya ufuta na hizo zimeshashika kutu, ukikosea ukakata kichwa cha moja umeongeza kazi ya siku. Vioshwe, visuuzwe, vikaushwe, viangaliwe kwa lenzi. Kisha unaunga upya na kutia mafuta, na siyo mafuta ya aina moja, kuna mepesi ya mahali panapozunguka haraka na mazito ya mahali penye mzigo, na kachupa kamoja ka mafuta ya saa ya Moebius bei yake ukiambiwa utadhani ni manukato. Halafu raba mpya. Halafu kuipima kama inakwenda na wakati, imelala, imesimama, imeegemea ubavu. Mtu akikufanyia yote hayo kwa elfu tisini na saa ikarudi hai, mpe na ya soda.

Ila ungenijia jioni ile ile ya Raskazone, maji yakiwa bado yanacheza ndani, ningekutoza elfu 40 pengine na chini ya hapo, kwa sababu hamna kutu bado, ni kufungua na kuondoa chumvi. Hiyo tofauti ndo bei ya mchele. Na akifungua akakuta springi kuu, ile inayotunza nguvu, imeliwa au ekseli zimechimbika usishangae akikwambia 90 haitoshi, hapo anachofanya mtu mwenye akili ni kubadilisha mashine nzima, kuna NH36 ambayo ni ya familia hiyo hiyo ya Seiko, inakaa, na hii mpya unaweza hata kuijaza kwa kuzungusha kitufe, 7S26 haijazwi hivyo. Mashine peke yake mpaka imfikie fundi ni laki na ushee, weka na kazi. Kuna kitu kidogo hapo mafundi wa haraka wanakisahau: Seiko 5 nyingi kitufe chake kiko kwenye namba 4 na siyo namba 3, kwa hiyo lile duara la tarehe na la siku inabidi yahamishwe kutoka mashine ya zamani, la sivyo tarehe itakaa upande upande kwenye dirisha. Na kama yako ya Maskati inaonyesha siku kwa Kiarabu na unaipenda hivyo, mwambie mapema asilitupe.

(Saa ya betri ya kawaida ni habari nyingine, pale sikushauri hata ukarabati. Mashine za Miyota za betri ni rahisi, unatoa iliyokufa unaweka mpya, elfu 25 au 30 umemaliza. Na kama saa ulinunua elfu kumi soko la Mgandini, mwanangu, nunua nyingine.)

Haya, bwana wa 15,000. Spiriti. Kuna kamkono kadogo ndani ya saa kanakozuia gurudumu na kuliachia, ndo kanakotoa ule mlio wa tik tik, na kwenye ncha zake kuna vijiwe viwili vyekundu. Vijiwe vile vimegandishwa kwa lakiri. Lakiri inayeyuka kwenye spiriti, hiyo siyo siri, maseremala wanaopiga polishi wanaijua. Mtu anachukua mashine nzima bila kuifungua, anaitumbukiza kwenye kopo la spiriti, anaitikisa, anaipuliza kwa mdomo, mdomo ambao nao umejaa unyevu, saa inaanza kutembea mbele yako na wewe unatoa pesa. Mwezi haujaisha kijiwe kimesogea au kimedondoka, ukirudi anakwambia saa yako ilikuwa mbovu toka mwanzo.

Halafu mafuta. Ni ya cherehani hayo, anadondoshea juu kama anatia samli kwenye wali. Yakifika kwenye ile springi nyembamba inayojikunja mviringo, mizunguko yake inagandana, springi inakuwa kama imefupishwa, saa inaanza kukimbia. Na hapo ndo nachekaga kwa uchungu, kuna mtu aliniambia fundi yule ni noma, saa yangu saivi ina nguvu mpaka inawahi dakika 20 kwa siku! Wengine wanatumia petroli, wengine ile spreya ya kulegezea nati za pikipiki, wengine hawana hata haja ya dawa, wanapiga draya ya saluni mpaka raba inalainika na kioo kinaachia. Na kuna wanaoianika juani juu ya bati. Joto linakausha mafuta ya mashine, chumvi linaiacha.

Lakini nisiwalaumu mafundi peke yao maana chanzo ni hayo maandishi ya nyuma, Water Resist. Watu wanayasoma kama ruhusa. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 22810, kinachosema saa ipimwe vipi ndo iandikwe hivyo, na kipimo kinafanywa saa ikiwa mpya, maji yametulia, siyo wewe unapiga mikono kwenye wimbi. Ile mita 30 ni namna ya kutaja presha, bar 3, haina maana ushuke nayo mita 30 chini ya maji. Ya 30 ni ya kunyeshewa na kunawa mikono. Ya 50 kuogelea kwa adabu. Ukitaka kuingia baharini kila Jumapili tafuta ya 100 kwenda juu, na ya kuzamia ya kweli ni ile iliyopimwa kwa ISO 6425, ambayo kila moja inajaribiwa kwa presha inayoizidi ile iliyoandikwa kwa robo yake. Tena hayo yote ni kwa saa halisi, zile za kuigiza maandishi yanapigwa tu kama wino wa fulana.

Na raba inazeeka. Jasho, joto, sabuni, marashi. Wazee wangu wa msikitini hawazami baharini hata siku moja ila saa zao zinaoza, kwa nini? Udhu. Mara tano kwa siku maji yanapita juu ya kifundo cha mkono, saa imevaliwa miaka kumi, imebadilishwa betri mara nne na hakuna aliyebadilisha raba hata moja, na kitufe cha pembeni kimevutwa nusu tangu alipoirekebisha wiki jana hakukirudisha. Hapo hata mita 100 hazikusaidii. Vueni saa, wekeni mfukoni, mkimaliza vaeni.

Maji yakishaingia, hamna dawa ya nyumbani. Siku ile ile, siyo Jumatatu, peleka ifunguliwe. Kama ni ya betri, hata kijana wa stendi anayebadilisha betri ana kifaa cha kufungulia, mwambie atoe betri basi, asiguse kingine, kwa sababu umeme wa betri na maji ya chumvi kwa pamoja vinakata ule waya wa shaba wa ndani ambao ni mwembamba kuliko unywele. Kama ni ya bahari mwambie fundi waziwazi ni ya bahari, usione aibu ukasema ni mvua, maana ya bahari inasuuzwa kwa maji safi yasiyo na chumvi kwanza ndo ikaushwe, na ukimdanganya ataikausha na chumvi yake.

Wewe wa Chumbageni rudi kwa wa 90. Kabla hujatoa pesa mwambie aifungue mfuniko mbele yako muangalie wote, piga picha. Muulize kama bei ina raba na kile kijiti cha pembeni ndani yake, na akikuta kutu kwenye springi kuu atakupigia simu kwanza au ataendelea tu. Vyuma atakavyovibadilisha akurudishie kwenye kikaratasi. Na akishamaliza muulize atapima maji na nini. Kuna mashine ya presha ya kupimia, hata ile ndogo ya mkono. Kama hana siyo dhambi, wengi hapa mjini hatuna zote, aseme tu hana, na wewe saa hiyo iwe ya kuvaa ofisini. Ila akikujazia glasi ya maji ya bomba akatumbukiza ndani saa aliyotoka kuiunga saa hizi, eti uone haiingii, mnyang'anye.