Usiniambie Shamba Lako Lina Ndege, Nionyeshe

Msomaji mmoja ameniandikia: "Ndugu, ng'ombe wangu wa nyama wanakula majani tu, nafaka hawaijui. Ndege wamejaa malishoni. Mnunuzi anataka nithibitishe kwamba natunza viumbe hai. Nimjibu vipi?"

Swali hilo limenigusa pabaya. Mnunuzi wa kwanza niliyetaka kumuuzia nyama kwa bei ya juu alinisikiliza akiwa ndani ya gari, injini inaunguruma. Nilimweleza habari za vyura, nyuki na ndege wanaotaga nyasini. Akasema, "Kila mfugaji ananiambia hivyo hivyo," akapandisha kioo na kuondoka. Simtaji. Ila cheti changu cha kutunza viumbe hai kilipotoka mwezi uliopita, yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenijia akilini, na sioni aibu kusema hivyo.

Sasa tuelewane. Ng'ombe kula majani si ushahidi wa chochote zaidi ya ng'ombe kula majani. Kuna malisho ya kijani kibichi, yamestawi vizuri, ambayo yana aina moja tu ya nyasi, yamemwagiwa mbolea ya chumvichumvi, na ukiketi pale asubuhi nzima husikii hata nzige. Ng'ombe wananenepa, mwenye shamba anapiga picha jua likizama, na nembo ya "asilia" inabandikwa. Mnunuzi aliyeumwa na nembo za namna hiyo ana haki ya kuuliza maswali.

Mkaguzi wa cheti hicho alipokuja kwangu hakuanza na ndege. Alianza na mavi. Aliokota kijiti, akachuchumaa penye mavi ya siku mbili, akayapindua. Chini yake palikuwa na vitundu kama vilivyotobolewa kwa penseli, udongo mpya umetolewa juu, na mbawakawa weusi wakikimbia kujificha. Alipindua mengine, na mengine tena. Nilisimama nyuma yake nimekunja mikono kama baba anayesubiri matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Kwa nini mavi? Ng'ombe mmoja hunya mara kumi hivi kwa siku. Mbawakawa wakiwepo, mavi huzikwa ardhini, nzi hukosa mahali pa kuzalia, na mbolea huifikia mizizi. Wasipokuwepo, mavi hukauka juu ya nyasi na kuzifunika. Australia walilijua hilo kwa gharama. Mbawakawa wao wa asili walizoea mavi ya kangaruu, ya ng'ombe hawakuyaweza, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ilibidi waletwe mbawakawa kutoka nje, wengi wao kutoka Afrika.

Na kinachowamaliza mbawakawa mara nyingi kimo kwenye kabati lako la dawa. Ivermectin, dawa ya minyoo, sehemu kubwa hutoka na mavi ikiwa bado na nguvu, na huua viluwiluwi vya wadudu mle ndani. Sisemi uache mifugo iliwe na minyoo. Nasema pima mavi maabara kwanza, mtibu anayeumwa, usidunge kundi zima kwa sababu kalenda imefika. Halafu andika: ng'ombe yupi, dawa gani, lini, kwa nini. Daftari langu la dawa lilimchukua mkaguzi muda mrefu kuliko kitu kingine chochote, na alilifunga akitikisa kichwa kwa kuridhika. Anayedhani dawa ya ng'ombe ni siri kati yake na ng'ombe akumbuke tai wala mizoga wa India, Pakistani na Nepali. Diclofenac, dawa ya maumivu, iliyobaki kwenye mizoga ya ng'ombe iliua figo za tai, baadhi ya aina zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95, na mwaka 2006 nchi hizo zikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo.

Hapa kwenye ndege ndipo wafugaji wengi wanajidanganya, hasa wale wanaojivunia kuhamisha ng'ombe kila siku. Kuhamisha ni kuzuri, nyasi hupumzika, mizizi hushuka. Lakini piga hesabu ya ndege anayetaga chini. Anahitaji siku chache za kujenga kiota na kutaga. Anaatamia kama wiki mbili. Makinda wanakaa kiotani siku kumi hivi, na hata wakitoka bado wanajikokota nyasini. Ukirudisha kundi kwenye kipande kilekile baada ya siku 21, nyasi zitakuwa zimepona na kiota kitakuwa chini ya kwato. Shamba lako litajaa ndege wanaoimba na lisilee kinda hata mmoja! Ndege wa kuimba wanakuja kutoka kwa jirani.

Kwa hiyo msimu wa kutaga mimi huacha vipande kadhaa bila kuvigusa mpaka makinda waruke, na vipande hivyo hubadilika mwaka hadi mwaka. Nyasi zinakomaa kupita kiasi, ndiyo. Kilo fulani za nyama zinapotea. Hiyo hasara ndiyo utunzaji wenyewe, ndugu yangu. Ukiniambia unatunza viumbe na hujawahi kupoteza hata fungu la majani kwa ajili yao, nitakutazama kama yule bwana wa kwenye gari alivyonitazama mimi.

Mabirika ya maji nitayapitia haraka: weka ngazi. Kipande cha wavu wa chuma kilichoegeshwa kutoka ukingoni mpaka chini kinatosha. Ndege na popo hutumbukia wakitafuta maji, kuta zinateleza, wanakufa. Uzio nao uwe na waya wa chini usio na miiba, uliopanda sentimita 40 hivi kutoka ardhini, ili wanyama wanaopita kwa kutambaa wapite. Kingo za mto zizungushiwe uzio. Haya yanaonekana kwa macho, hayahitaji hotuba.

Yasiyoonekana kwa macho ni mabadiliko, na hapo ndipo picha zinapookoa. Chomeka kigingi shambani, simama hapo hapo, elekeza kamera upande ule ule, msimu ule ule, kila mwaka. Usichague siku nzuri. Picha ya mwaka wa ukame, ardhi imepasuka, ndiyo iliyomfanya mkaguzi aamini zile nyingine. Ndege nao wahesabiwe hivyo hivyo: mahali pamoja, saa ile ile alfajiri, dakika kumi, andika na siku uliyosikia kimya. Simu inasaidia. Programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell inatambua milio ya ndege wa sehemu nyingi za dunia, na iNaturalist inakuwezesha kuweka picha ya mdudu au ua ili watu wengine walitambue. Uzuri wake ni kwamba jina halitoki kinywani mwako wewe muuzaji.

Zipo pia nembo zenye wakaguzi wao. Marekani, Audubon, ambao ni watu wa ndege, huruhusu nembo yao kwenye nyama inayotoka kwenye mashamba yaliyokaguliwa na kuthibitishwa. Uingereza kuna Pasture for Life, wanaodai mifugo ilishwe majani na malisho tu. Kabla ya kulipia nembo yoyote soma inapima nini. Nyingine hupima unachofanya, nyingine hupima kilichotokea ardhini, na mnunuzi mjanja atakuuliza ni ipi kati ya hizo. Mimi ningechagua inayopima ardhi, hata kama inachelewa na inachosha.

Basi wewe uliyeniandikia, mnunuzi wako usimjibu kwa barua. Mwambie aje, na akifika mwombe azime gari. Mpe kijiti apindue mavi mwenyewe, mpe daftari la dawa, mwonyeshe vipande ulivyoviacha na picha zake za miaka yote. Kama hujaanza kupiga picha, anza leo, na umwambie wazi kwamba umeanza leo.